Namba Zisizopatikana za Sola

Nyinyi mnaoanza kazi ya udadisi, ya kuhoji watu kaya kwa kaya, nianze na habari ya viatu. Udongo wetu wa mbuga, huu mweusi wa Simiyu, mvua ikishanyesha unanata mpaka mguu mmoja unakuwa mzito kama umebeba mtoto. Msije na raba nyeupe. Nimewaona vijana wakishuka garini Meatu wamependeza kama waenda harusini, na jioni wanarudi peku, raba wamezining'iniza mkononi, kila mtu anamlaumu mwenzake. Nunueni mabuti ya mvua na msione haya. Anayewacheka hajatumwa kuhesabu kaya za Kimali mwezi wa masika.

Jambo la pili ni mlango uliofungwa, na hilo halitaki haraka.

Mimi naitwa Nkwimba, ila hapa Bariadi watu wengi wananijua kwa jina la mwanangu wa kwanza, Mama Sayi. Nimeingia katika kaya za watu tangu nikiwa msichana mpaka nilipostaafu, na dodoso mkononi, kwanza la karatasi, baadaye la kwenye kishikwambi. Nimewauliza watu wanachota maji wapi, wanalala kwenye chandarua au hapana, wamezaa wangapi na waliobaki ni wangapi. Wengi walinijibu. Wengine waliniandalia kigoda, wakanipa na matobolwa ya kutafuna, viazi vile vilivyochemshwa kisha vikakaushwa. Siku hizi nikikaa barazani hao siwawazi sana. Nawawaza wale ambao sikuwakuta, na wale walionikuta mimi wakanifukuza.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Ngasa, msimamizi wetu wa kwanza, mtu mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alikuwa na kisa alichokisimulia kila mafunzo. Alisema zamani, kabla yangu, timu moja ilitumwa kuuliza habari za kilimo wakati wa palizi. Wadadisi walikuwa wanafika asubuhi saa nne. Kaya ikifungwa, wanahamia jirani, jirani akifungwa wanakwenda mbele, mpaka wapate mlango ulio wazi. Wakamaliza upesi, wakasifiwa. Matokeo yalipotoka yakaonyesha kwamba kijiji kizima ni cha vikongwe na wagonjwa, na kwamba pamba karibu hailimwi.

"Waliokuwa wanalima pamba walikuwa wapi?" Mzee Ngasa alikuwa anatuuliza.

Tunajibu wote, "Shambani."

"Basi mkikuta mlango umefungwa, msiseme hakuna mtu. Semeni kuna mtu, na ana kazi."

Ndiyo maana alituzoesha kurudi. Ukienda asubuhi ukakosa, rudi jioni ng'ombe wakiingia zizini. Ukikosa jioni, rudi Jumapili watu wakitoka kanisani. Mkaidi wa kurudi tulimwita inzi, na kwetu hilo halikuwa tusi.

Wanaokataa nao wana sababu zao. Nyashimo kulikuwa na mfanyabiashara mmoja, Bwana Salumu, aliyeuza mabati na misumari kando ya barabara kuu. Alinikatalia mara ya kwanza bila kuinua macho. Mara ya pili alinionyesha mlango. Nikamwambia Mzee Ngasa kwamba yule mtu ni mkali, tumwache. Mzee akaniuliza, "Ulikwenda siku gani?" Nikasema siku ya gulio, zote mbili. Nikarudi Ijumaa alasiri, watu wameshasali, duka limepoa. Bwana Salumu akaniagizia kahawa, akajibu maswali yote, tena akanisimulia na habari za mguu wake unaouma. Nilipoaga akasema, "Wewe binti ulikuwa unanijia nikiwa na wateja kumi mlangoni. Ningekujibu nini?" Nikamshukuru kwa kahawa.

Sasa niwaelezee habari ya Sola, kata moja ya huku kwetu Simiyu. Hiyo ni ya juzi tu, mimi nikiwa nimeshastaafu, na anayehusika zaidi si mimi ni Pendo.

Pendo nilimpokea kazini akiwa ametoka chuo. Alikuwa mdadisi mzuri, mkimya, mwenye kuandika alichosikia na si alichotarajia. Baadaye akawa msimamizi. Mwaka ule mvua za vuli zilikosa mpangilio, mahindi yakanyauka yakiwa yamefika magotini, na ofisi yake ikapewa kazi ya kuuliza kaya za mkoa zina chakula kiasi gani. Matokeo ndiyo yangeonyesha kata zipi zipelekewe mahindi ya msaada kwanza. Kazi yote ilikuwa ya simu. Walikuwa na namba za watu waliohojiwa nyumbani kwao mwaka uliotangulia, wakati wa mavuno mazuri, na vijana walikaa katika chumba kimoja hapa Bariadi mjini wakiwapigia.

Pendo akaja kwangu na kilo ya sukari. Akasema, "Mama Sayi, naomba uje ukae na vijana wangu. Watu wanawakatia simu."

Nikaenda. Sababu niliiona kabla sijakaa vizuri. Kijana mmoja mwenye sauti ya redio anapiga, anasema kwa haraka, "Habari, unaongea na Juniaa, tuna mazungumzo mafupi kuhusu kaya yako." Upande wa pili mzee anauliza, "Ndiyo nyie wa ile hela tuma kwenye namba hii?" Simu inakatwa. Wazee wa kwetu wameshatapeliwa na watoto wenye Kiswahili cha namna hiyo, wanaogopa. Nikawafundisha waanze na salamu ya Kisukuma, "mwadila" kama ni mchana, wangoje mwenzao aitikie, waulize ng'ombe wameamkaje, ndipo wataje wametoka wapi na nani aliwapa namba. Wakacheka, halafu wakaona watu hawakati tena. Hata Juniaa akaanza kujiita kwa jina la babu yake.

Kwa wanaokataa tulifaulu. Wasiopatikana ndio walibaki, wale ambao ukipiga unajibiwa na yule dada wa mtandao. Kijana akisharudia mara kadhaa bila mafanikio, mashine inamletea namba ya akiba, ya mtu mwingine wa kijiji hicho hicho, naye anaendelea. Kazi ilikwenda kasi.

Siku moja mchana Pendo aliniita kwenye meza yake, akanigeuzia kompyuta.

"Mama, Sola wanakula vizuri kuliko sisi wa mjini."

Nikatazama. Ilikuwa kweli, kwa mujibu wa majibu. Milo miwili, milo mitatu, mahindi ghalani. Nikamwambia labda walipata mvua yao peke yao, hutokea wingu likanyesha upande mmoja wa barabara.

"Na hawa wasiopatikana mbona wengi hivi?"

"Mtandao," nikamjibu. "Sola ukitaka kupiga simu unapanda kwenye kichuguu. Ilikuwa hivyo tangu zamani."

Nilisema kwa uhakika wote wa mtu mzima. Pendo hakubishana. Akasema, "Mwaka jana tulipochukua hizi namba tulizijaribu pale pale, mbele ya mwenye simu, na ziliita. Minara haijang'olewa. Kilichobadilika tangu mwaka jana ni nini?"

Nikajibu, "Mvua."

"Ndiyo. Sasa hebu fikiri, Mama. Kama simu zimepotea ovyo, huyu imeanguka kisimani, yule mtandao umemkataa, basi hawa tuliowapata wanaweza kuwasemea wenzao. Lakini kama simu imezimika kwa sababu ya kitu kile kile tunachouliza, kukosa chakula?"

Nilimwelewa. Nilijisikia kama Mzee Ngasa ananiuliza tena nilikwenda siku gani.

Akampigia bosi wake aliyeko Dar es Salaam, mlango umefungwa, simu iko kwenye spika, mimi nimekaa pembeni. Bosi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayedaiwa ripoti.

"Pendo, idadi si imetimia?"

"Imetimia, bosi. Imetimia kwa watu wenye simu zinazoita."

"Hao wa akiba tuliwachagua kitaalamu."

"Tuliwachagua kitaalamu, lakini aliyejibu ni yule mwenye simu na chaji. Asiye nayo ametoka katika hesabu. Nikituma hivi, Sola itaonekana imeshiba na mahindi yatapita yaende kwingine."

"Una uhakika kwamba wana njaa?"

"Sina. Ndiyo sababu naomba niende nikawaone."

Nilisikia feni ya ofisi yao ikizunguka. Halafu akasema, "Nenda. Gari sina la kukupa. Na atakayeandika maelezo ya kuchelewa ni wewe, si mimi."

Pendo alikata simu, akaanza kuandika majina ya wasiopatikana wa Sola. Mkataba wake ulikuwa unakaribia mwisho na yeye ndiye anayemsomesha mdogo wake. Hakuniambia hayo siku ile, niliyajua baadaye.

Tukaenda Sola kwa bodaboda mbili. Mwenyekiti wa kitongoji, mwanamume mpole aliyekuwa anatengeneza mpini wa jembe, akatupokea. Pendo akamsomea majina. Mwenyekiti akawa anaonyesha kwa kidole cha mkono ulioshika panga: huyu yuko pale, huyu nyuma ya mlonge, huyu na watu wake wote wamehama, mlango wameuziba kwa miiba.

Tulianza kwa Mzee Masanja. Tulimkuta anakunywa uji, tena mzito. Nyuma yake ghala halikuwa limejaa lakini halikuwa tupu. Pendo akamuuliza mbona simu yake haipatikani.

"Simu? Iko dukani inachajiwa. Naipeleka siku ya gulio naichukua gulio linalofuata. Nikipigiwa katikati sipo."

Nikamtazama Pendo, Pendo akanitazama. Hapo nilidhani tumekuja bure. Akamhoji kwa utaratibu, akamshukuru, tukaendelea. Nalitaja hili ili msije mkadhani kila asiyejibu ana shida mnayoifikiria. Hujui mpaka umefika.

Kaya iliyofuata ilikuwa ya Minza, mama wa makamo, mume wake amekwenda Busega kutafuta kibarua kwenye mashamba ya mpunga. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha nyumba anachambua majani ya mlenda. Watoto wawili walikuwa wamelala mkekani, na ilikuwa saa tano asubuhi.

Tukasalimiana. Akatuletea vigoda, akakaa mbele yetu na ungo wake. Pendo akaanza kusoma swali kama lilivyoandikwa: je, siku hizi kaya yako ina chakula cha kutosha?

"Tunamshukuru Mungu, kipo," akasema Minza.

Kidole cha Pendo kikashuka kwenye kishikwambi. Nikamgusa goti. Hapa, vijana, kuna jambo la kwetu ambalo dodoso halilijui. Hakuna mama wa Kisukuma atakayemwambia mgeni ambaye hajamaliza hata kukaa kwamba nyumbani kwake hakuna chakula. Ataona amejivua nguo. Mgeni akiuliza chakula, kipo, hata kama hakipo. Kwa hiyo usiulize chakula. Uliza moto.

Nikamuuliza, nikimwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, jana moto mliukoka saa ngapi?"

Akaendelea kuchambua. "Jana hatukukoka."

"Juzi?"

"Juzi tulichemsha michembe ya viazi."

"Ikatosha?"

"Watoto walikula."

Pendo alifuta alichokuwa ameandika. Akauliza kwa sauti ya kawaida, si ile ya kusomea, "Mama, tulikupigia simu siku nyingi. Hukupatikana. Ilikuwaje?"

"Simu tulishaila."

Pendo akadhani hakusikia. "Mliila?"

"Tulianza kuku. Ikaja redio. Halafu simu, nilimpa mtu wa gulioni akanipimia mahindi. Ilikaa siku nyingi kuliko kuku, maana mahindi nilichanganya na mtama." Akafungua fundo la pindo la kanga yake, akatuonyesha laini, kile kipande kidogo, kimefungwa ndani ya nailoni. "Namba ninayo. Baba yao akitaka kuongea nami anampigia jirani, nami nakwenda kuichomeka kwenye simu yake."

Akaifunga tena, taratibu, fundo mara mbili.

Nilikaa na watu wengi wenye shida katika kazi hii na nilijifunza kutolia mbele yao, kwa sababu ukilia wewe, yeye ndiye anayelazimika kukubembeleza. Pendo naye alijizuia. Aliuliza maswali yote mpaka la mwisho, hakuruka hata moja. Tukaaga. Tulipofika njiani akasimama.

"Unajua kwenye mashine tumemwandikaje?" akaniuliza. "Tumeandika namba haipatikani. Basi. Halafu tukampigia mwingine."

Siku ile tulifika kaya nyingine kadhaa. Mmoja alikuwa amebadilisha namba tu. Mwingine aliuza simu kama Minza, mwingine aliiweka rehani kwa mwenye mashine ya kusaga. Dada mmoja alikuwa nayo, nzima kabisa, lakini hana cha kulipia kuchaji, na siku zote alikuwa porini anachimba mizizi na kukata kuni za kuuza. Ile kaya iliyozibwa kwa miiba, jirani alituambia waliondoka wote usiku na mzigo wa masufuria, hakujua walikoelekea. Niliona Pendo akitaka kuandika kwamba waliondoka kwa njaa. Akaacha. Akaandika tu kwamba wamehama na hawakukutwa. Nilimpenda kwa hilo. Usimjibie mtu ambaye hukumwona, hata kama moyo wako unajua.

Jioni tukarudi Bariadi tumejaa vumbi. Pendo akawakusanya wale vijana wa chumba cha simu, akawaambia kuanzia kesho nusu yao watakwenda kwa miguu, vijiji vyote vyenye wasiopatikana wengi, na atakayeshindwa aseme sasa. Wakanung'unika. Mmoja akasema aliajiriwa kukaa kwenye kiti. Pendo akamwambia kiti kipo, atakaa na wale wengine wanaoendelea kupiga. Hakuna aliyetaka kuonekana anabaki, na asubuhi walikuwa getini, wengine, nasikitika kusema, wamevaa raba.

Hawakuwakuta wote. Hamtawakuta wote kamwe, na msimwamini msimamizi anayewaambia amewakuta. Lakini waliowakuta walitosha kuonyesha upande ambao hesabu ilikuwa imeinamia. Kata kadhaa hazikubadilika, kule simu zilipotea ovyo kweli, na mimi na mtandao wangu tulikuwa sahihi kidogo. Sola ilibadilika sana. Pendo akaandika ripoti upya. Ukurasa wa mbele, mahali ambapo mkubwa hawezi kuukwepa, akaeleza nani hawakupatikana, nani walifuatwa nyumbani, na nani mpaka mwisho hawajulikani walipo. Bosi alimwambia aupeleke nyuma, kwenye viambatisho. Pendo akakataa kwa adabu. Wakavutana kwa siku kadhaa, mimi nikipewa habari kila jioni kama mchezo wa redio. Mwishowe bosi akauacha ulipo, lakini alimnunia, na mkataba ulipoisha alikaa muda mrefu bila kumwita.

Pendo alikaa nyumbani, akauza sabuni na mafuta ya kula kwa dada yake. Hakulalamika, ila nilimwona amepungua. Nikamuuliza kama anajuta. Akasema, "Najuta kwamba sikuona mapema, Mama. Zile siku tulizopoteza tukiwapigia wa akiba, wao walikuwa wanangoja." Sikumwambia asijilaumu. Mtu wa kazi hii akiacha kujiuliza hivyo, ni vizuri akauze sabuni moja kwa moja.

Alikuja kuitwa. Bosi yule yule alipiga, akasema kuna utafiti mwingine, na safari hii ameweka siku za kuwafuata watu majumbani tangu mwanzo, gari likiwemo. Hakuomba radhi, wala Pendo hakungoja aombwe. Sasa ndiye anayewafundisha nyinyi. Akiwarudisha kwenye mlango mmoja mara ya nne, msimtukane.

Mahindi yalifika Sola. Yalichelewa na hayakuwa mengi, sitawadanganya, lakini yalifika. Nilikwenda siku ile kwa nafsi yangu, hakuna aliyenituma. Yaligawiwa kwenye ghala la pamba, watu wamepanga foleni mpaka barabarani. Nikamwona Minza mbele kidogo, na binti yake mkubwa. Nilinyoosha shingo nikitaka aniangalie. Nilishaandaa hata salamu.

Jina lake likaitwa. Akaweka dole gumba, akasaidiwa kujitwika gunia, akamwambia binti awahi kwenye mashine ya kusaga akamshikie nafasi kabla watu hawajajaa. Binti akakimbia. Minza akapita karibu yangu, macho kwenye njia, shingo imesimama chini ya mzigo. Hakuniona. Sikumwita, maana angelazimika kusimama anisalimie, aniulize habari za nyumbani, na lile gunia liko kichwani. Nikasogea pembeni ya njia, akapita.